Kudharau mahakama kuhusu mali ya biashara katika kesi za talaka

Kudharau mahakama kuhusu mali ya biashara katika kesi za talaka ni kitendo cha mume au mke kukiuka kwa makusudi amri ya mahakama inayohusu biashara, hisa, akaunti au mali nyingine ya uzalishaji wakati shauri la talaka au la kugawana mali ya ndoa likiendelea, au baada ya hukumu kutolewa. Mifano ya kawaida ni kuuza magari ya kampuni baada ya zuio kutolewa, kuhamishia hisa kwa ndugu, kuficha vitabu vya hesabu na kukataa kutaja mali chini ya kiapo.

Anayedai kwamba mwenzake amekiuka amri hufungua maombi mbele ya mahakama ileile iliyotoa amri. Ukiukaji ukithibitishwa, mahakama inaweza kumtoza mkosaji faini, kukamata mali yake au kumpeleka gerezani. Kwa sababu hiyo shauri la madai kati ya watu wawili waliokuwa wakiishi pamoja linaweza kuishia kwa mmoja wao kufungwa, ingawa hakushtakiwa kwa kosa la jinai.

Utaratibu huu unapatikana hasa katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, kama vile Uingereza yenyewe, Marekani, Kenya, Tanzania na Uganda. Nchi zinazofuata mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji hutumia njia tofauti.

## Maana na asili

Katika sheria za Uingereza dharau kwa mahakama imegawanyika katika aina mbili. Ya kwanza ni ya jinai, k.mf. kumtukana jaji mahakamani, kutishia mashahidi au kuvuruga usikilizaji wa kesi. Ya pili ni ya madai, yaani kutotii amri iliyotolewa kwa faida ya upande mmoja wa kesi. Madai yanayohusu mali katika talaka huwa karibu yote ya aina ya pili.

Lengo la dharau ya madai ni kumlazimisha mtu atii zaidi kuliko kumwadhibu kwa yaliyopita. Wanasheria wa Marekani wana msemo kwamba mfungwa wa aina hii ana ufunguo wa gereza mfukoni mwake: siku atakapotii, atatoka. Hata hivyo mipaka kati ya kulazimisha na kuadhibu si wazi sikuzote, na kesi kadhaa mashuhuri zimehusu swali hilo.

Ni muhimu kutofautisha dharau na tendo baya la kawaida. Mume aliyeuza lori la familia wiki moja kabla ya kesi kufunguliwa huenda ametenda udanganyifu, lakini hakudharau mahakama, kwa kuwa hapakuwa na amri ya kukiuka. Mahakama inaweza kumdai thamani ya lori katika mgawanyo au kubatilisha mauzo, lakini haiwezi kumfunga kwa dharau.

## Matatizo ya pekee ya mali ya biashara

Nyumba na shamba ni rahisi kuzuia, kwa sababu havisogei na kwa kawaida vimeandikishwa. Msajili wa hati akiandikiwa, mauzo husimama. Biashara haiko hivyo, kwa sababu zifuatazo:

* Biashara ni lazima iendelee kuuza. Duka la vifaa vya ujenzi likizuiwa kuuza saruji na mabati linakufa, na hapo hakuna cha kugawana. Lakini bidhaa zikiuzwa bila kununuliwa nyingine, mtaji wote unaweza kuondoka kidogo kidogo kwa sura ya mauzo ya kawaida.
* Mali inaweza kuwa ya kampuni. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, tofauti na wenye hisa wake. Mume akisema “mimi sina kitu, jengo ni la kampuni”, kwa maneno ya sheria huenda anasema kweli.
* Thamani hubadilika. Mwenye kuendesha biashara anaweza kuchelewesha mikataba, kuongeza madeni au kujilipa mshahara mdogo ili biashara ionekane duni wakati wa kuthaminiwa.
* Taarifa ziko mkononi mwa mmoja. Mara nyingi mwenzi mmoja ndiye anayejua wateja, wadeni na akaunti, na mwingine anajua tu kwamba ada za shule zilikuwa zikilipwa.
* Watu wengine wanahusika. Wafanyakazi, wabia, benki na mamlaka ya kodi wana haki zao katika biashara hiyohiyo.

Kwa hiyo mahakama hutafuta amri inayoacha biashara ipumue huku ikizuia mali isitoroshwe. Mfano mzuri ni jimbo la California nchini Marekani. Huko, mara mmoja anapofungua kesi ya talaka na mwingine kupelekewa wito, wote wawili hufungwa na zuio la moja kwa moja lililoandikwa katika Sheria ya Familia ya jimbo hilo. Hawaruhusiwi kuhamisha, kuweka rehani wala kuficha mali bila ridhaa ya mwenzao au ruhusa ya mahakama, isipokuwa katika mwenendo wa kawaida wa biashara au kwa mahitaji ya lazima ya maisha. Matumizi makubwa yasiyo ya kawaida yanatakiwa kutangazwa kwa mwenzi angalau siku 5 za kazi kabla hayajafanyika.

Maneno “mwenendo wa kawaida wa biashara” ndiyo kiini cha mabishano mengi. Kuuza mifuko ya saruji kwa wateja ni mwenendo wa kawaida. Kumuuzia shemeji ghala zima kwa bei ya nusu si mwenendo wa kawaida. Kati ya mifano hiyo miwili kuna mambo ambayo jaji huyapima moja moja: je, biashara hii ilikuwa ikifanya hivi kabla ya ndoa kuvunjika? Bei ilikuwa ya soko? Fedha ziliingia wapi?

## Amri zinazokiukwa mara nyingi

### Amri ya kutaja mali

Katika kesi za talaka za Uingereza na Wales kila upande hujaza fomu ndefu ya mapato na mali, inayojulikana kama Fomu E, pamoja na taarifa za benki na hesabu za biashara. Anayejaza huthibitisha kwamba maelezo ni ya kweli, na fomu yenyewe inaonya kwamba uongo unaweza kuleta shauri la dharau. Wajibu huu hauishi siku ya kujaza; hali ikibadilika kabla ya hukumu, mabadiliko yanapaswa kuelezwa.

### Zuio la kuhamisha mali

Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya Uingereza ya mwaka 1973, katika kifungu cha 37, inairuhusu mahakama kumzuia mwenzi asitoe mali kwa lengo la kuharibu madai ya mwenzake, na pia kubatilisha uhamishaji uliokwisha kufanyika. Kama uhamishaji huo ulifanyika chini ya miaka 3 kabla ya maombi na matokeo yake ni kuharibu madai, sheria hudhania kwamba hilo ndilo lililokuwa lengo, mpaka mhusika athibitishe vinginevyo.

Pamoja na hilo kuna amri ya kufungia mali, ambayo kwa miaka mingi iliitwa amri ya Mareva kutokana na kesi ya kampuni ya meli ya jina hilo ya mwaka 1975. Amri hii huwafunga pia watu wa nje walioarifiwa. Benki inayojua kuhusu amri na bado ikatoa fedha inaweza kushtakiwa kwa dharau, vilevile mkurugenzi wa kampuni anayesaidia ukiukaji.

### Amri ya kukabidhi

Baada ya hukumu, mmoja anaweza kuamriwa kumpa mwenzake hisa, funguo, vitabu au uendeshaji wa kampuni. Hapa ukiukaji huwa wa kimya: hisa zinahamishwa katika karatasi, lakini mikataba ya wapangaji, maneno ya siri ya kompyuta na kumbukumbu za kodi hazitolewi.

### Amri ya kulipa

Kutolipa deni peke yake si sababu ya kufungwa katika nchi nyingi. Uingereza iliondoa kwa sehemu kubwa kifungo cha wadeni kwa sheria ya mwaka 1869, lakini ikaacha nafasi finyu ambayo inatumika kwa amri za matunzo na za fedha za talaka. Mdai anapaswa kuthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na uwezo wa kulipa tangu amri itolewe na akakataa au akapuuza. Kifungo hakizidi wiki 6.

## Mambo ya kuthibitishwa

Kwa kuwa uhuru wa mtu uko hatarini, mahakama hudai uangalifu mkubwa. Kwa jumla mwombaji anatakiwa kuonyesha mambo yafuatayo:

1. Amri ilikuwapo na ilikuwa wazi. Amri inayosema “asiharibu biashara” ni ya jumla mno. Amri inayotaja namba za akaunti, namba za magari na kiwango cha fedha kinachoruhusiwa kutolewa kila mwezi ni rahisi kutekelezeka.
2. Mhusika aliijua. Kwa kawaida amri hukabidhiwa kwake mkononi, ikiwa na onyo la adhabu mbele yake. Mahakama inaweza kukubali njia nyingine kama mtu anajificha.
3. Aliweza kuitii. Amri ya kutoa kitu ambacho mtu hana haiwezi kuleta kifungo.
4. Alikiuka kwa makusudi. Kosa la karani wa benki au kuchelewa kwa siku moja kwa sababu ya ugonjwa havitoshi.

Maombi yenyewe yanapaswa kutaja kila ukiukaji, tarehe yake na kifungu cha amri kilichovunjwa. Shutuma ya jumla kwamba “anaficha mali” hukataliwa.

Kiwango cha uthibitisho hutofautiana. Nchini Uingereza ni uthibitisho usioacha shaka ya maana, kama katika jinai. Kesi inayotajwa sana ni ile ya kampuni ya Bramblevale, iliyoripotiwa mwaka 1970. Mkurugenzi aliamriwa kutoa vitabu vya kampuni iliyokuwa ikifilisiwa, akadai kwamba vililowa petroli katika ajali ya gari vikatupwa. Maelezo yake hayakuaminika, lakini Mahakama ya Rufani ilimwachilia, kwa sababu uongo wake peke yake haukuthibitisha kwamba bado alikuwa na vitabu siku alipotakiwa kuvitoa. Nchini Marekani majimbo mengi huhitaji ushahidi ulio wazi na wa kushawishi kwa dharau ya madai, na uthibitisho wa jinai pale kifungo ni cha kuadhibu. Nchini Kenya, tangu kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm ya mwaka 1985, kiwango kiko juu ya kile cha kesi za kawaida za madai, ila chini kidogo ya kile cha jinai.

Anayedaiwa kudharau ana haki ya kuarifiwa mapema, kuwa na wakili, kuhoji mashahidi na, katika Uingereza, kukaa kimya bila kulazimishwa kujishtaki.

## Utetezi

Utetezi wa kwanza ni kutoweza kutii. Mwenye biashara anaweza kuonyesha kwamba fedha ziliisha kwa kulipa mishahara, kodi au mkopo uliokuwapo kabla ya amri. Lakini mtu aliyejifanya maskini mwenyewe, kwa kutoa au kupeleka mali mbali baada ya kujua amri, hawezi kujificha nyuma ya umaskini huo.

Utetezi wa pili ni kwamba tendo liliruhusiwa, yaani lilikuwa mwenendo wa kawaida wa biashara. Hapa ndipo kumbukumbu zinapokuwa na thamani kubwa. Mfanyabiashara mwenye leja, stakabadhi na taarifa za benki anaweza kujieleza kwa saa moja. Asiye nazo hubaki na neno lake tu.

Utetezi wa tatu ni amri kutoeleweka. Shaka katika maneno ya amri huamuliwa kwa faida ya mshtakiwa. Hata hivyo mtu asiyeikubali amri hapaswi kuivunja kwa hoja kwamba ilikosewa. Njia sahihi ni kuomba irekebishwe au kukata rufaa, huku akiendelea kuitii.

## Adhabu na njia nyingine

Nchini Uingereza kifungo cha dharau katika mahakama za juu hakizidi miaka 2, kwa mujibu wa Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 1981. Mara nyingi kifungo hutolewa kwa kuahirishwa, na huanza tu kama mhusika atakiuka tena. Aliyefungwa anaweza kurudi mahakamani kuomba aachiliwe baada ya kutii na kuomba radhi. Huko California, kukiuka amri ya familia kwa mara ya kwanza huleta kazi za jamii hadi saa 120 au kifungo kisichozidi saa 120 kwa kila kosa.

Kifungo hakirudishi mali. Kwa sababu hiyo majaji wana zana nyingine, ambazo mara nyingi zina faida zaidi kwa mdai:

* kudhania dhidi ya mfichaji, yaani kuhitimisha kwamba anayekataa kuonyesha hesabu anaficha mali ya thamani;
* kuhesabu mali iliyotapanywa kana kwamba bado ipo, na kuiweka katika fungu la aliyeitapanya;
* kumtwisha mkiukaji gharama za mawakili wa pande zote mbili;
* kumteua msimamizi huru aendeshe biashara mpaka hukumu;
* kumruhusu ofisa wa mahakama kutia sahihi hati za uhamishaji kwa niaba ya anayekataa;
* kukataa kumsikiliza mkiukaji katika maombi yake mwenyewe mpaka atii, kanuni iliyoelezwa katika kesi ya Hadkinson ya mwaka 1952.

## Kesi zinazojulikana

### Chadwick, Pennsylvania

Kesi maarufu kuliko zote ni ya wakili H. Beatty Chadwick wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mkewe alifungua shauri la talaka mwaka 1992. Chadwick alieleza kwamba alikuwa amelipa takriban dola milioni 2.5 kwa ubia uliosajiliwa Gibraltar ili kumaliza deni la uwekezaji. Mahakama ya Kaunti ya Delaware haikuamini. Iliona kwamba fedha zilipelekwa nje ili zisigawanywe. Mwaka 1994 ilimwamuru azirejeshe na kuziweka chini ya mahakama. Hakufanya hivyo, na mwezi wa Aprili 1995 alikamatwa.

Alikaa gerezani miaka 14. Katika muda wote huo hakuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya shirikisho, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, ilikataa kumwachilia. Ilisema kwamba kupita kwa muda peke yake hakumfanyi mtu ashindwe kutii amri anayoweza kuitii. Mwezi wa Julai 2009 jaji wa kaunti aliamuru aachiliwe kwa hoja kwamba kifungo hakikuwa tena na uwezo wa kumlazimisha. Fedha hazikupatikana. Kifungo chake ndicho kirefu kuliko vyote vinavyojulikana nchini Marekani kwa dharau ya madai.

### Young, London

Mfanyabiashara Scot Young alidai kwamba utajiri wake wote ulipotea mwaka 2006 katika mradi wa majengo mjini Moscow. Mkewe hakukubali, na kesi yao ikaendelea kwa miaka mingi. Januari 2013 Young alifungwa miezi 6 kwa kushindwa kutoa maelezo ya fedha aliyoamriwa. Novemba mwaka huohuo Jaji Moor aliamua kwamba bado alikuwa na pauni milioni 45 zilizofichwa, akamwamuru ampe mkewe wa zamani pauni milioni 20. Young alifariki Desemba 2014.

### Prest dhidi ya Petrodel

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mfanyabiashara wa mafuta mwenye asili ya Nigeria, ambaye nyumba 7 zilikuwa kwa majina ya kampuni zake. Mahakama ilikataa kuvunja ukuta wa kampuni kwa sababu tu ya talaka. Lakini ilisema kwamba kampuni zilishika nyumba hizo kwa niaba yake, na kwa hiyo zingeweza kupewa mke. Mume alikuwa amekaidi kutoa maelezo, na ukimya wake ulitumika dhidi yake. Baadaye aliwekewa kifungo cha kuahirishwa kwa kutolipa matunzo, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilikataa rufaa yake.

### Hart dhidi ya Hart

Mume katika kesi hii alikuwa mfanyabiashara wa majengo mwenye umri wa miaka 83. Mahakama ilimpa mkewe sehemu ya mali ikiwa ni pamoja na kampuni ya Drakestown Properties, ikamwamuru mume atoe taarifa na nyaraka za kuiwezesha kampuni kuendeshwa. Hakutii. Mwaka 2018 alifungwa miezi 14, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha adhabu. Kesi hii inaonyesha kwamba uzee haumkingi mtu, na kwamba kukabidhi kampuni ni zaidi ya kusaini karatasi ya hisa.

## Afrika Mashariki

### Tanzania

Nchini Tanzania mgawanyo wa mali unaongozwa na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachohusu mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Kwa hiyo mke ambaye hakuwahi kusimama kaunta anaweza kuwa na haki katika duka.

Kutii amri za muda kunasimamiwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, yenye asili katika sheria ya India ya mwaka 1908. Chini ya Amri ya 37, anayevunja zuio la muda anaweza kukamatiwa mali na kuwekwa katika gereza la madai kwa muda usiozidi miezi 6. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu kuhusu kudharau mahakama.

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Kwa kawaida maombi ya talaka hayapokelewi kabla shauri halijapita katika baraza la usuluhishi la ndoa na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza si mahakama, na halina uwezo wa kutoa zuio juu ya biashara. Bidhaa zinazohamishwa katika kipindi hicho hazileti dharau. Zinaweza tu kuhesabiwa baadaye wakati wa kugawana, endapo kuna ushahidi kwamba zilikuwapo.

### Kenya

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataja wazi kwamba usimamizi wa biashara au mali ya familia ni mchango hata kama haukuwa wa fedha, sawa na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja anapaswa kuonyesha mchango wake. Uamuzi huo uliongeza uzito wa vitabu vya biashara, na hivyo pia uzito wa kuvificha.

Kuhusu dharau, Bunge lilitunga Sheria ya Kudharau Mahakama mwaka 2016, lakini Novemba 2018 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mambo mengine kwa kukosa ushirikishwaji wa umma. Mahakama zilirudi kwenye misingi ya awali ya Sheria ya Mahakama, inayoelekeza kwenye utaratibu wa Uingereza, na kwenye Amri ya 40 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai. Hiyo nayo inaruhusu kukamata mali na kifungo kisichozidi miezi 6 kwa kuvunja zuio.

### Ushahidi wa biashara ndogo

Biashara nyingi za Afrika Mashariki hazina hesabu zilizokaguliwa. Hata hivyo nyingi huacha alama: taarifa za malipo kwa simu, leseni za biashara, marejesho ya kodi, kadi za magari, mikataba ya pango la fremu na daftari la madeni. Wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni wanaweza kutafutwa kwa msajili, ambaye nchini Tanzania ni BRELA na nchini Kenya ni Huduma ya Usajili wa Biashara. Mume au mke akibadilisha namba ya kupokelea malipo ya duka kuwa ya nduguye baada ya zuio kutolewa, taarifa za miamala huonyesha siku mauzo yalipokoma upande mmoja, nazo zikilinganishwa na bidhaa zinazoendelea kuingia dukani, swali la makusudi hujibika kwa urahisi.

## Nchi zisizo na utaratibu huu

Katika sheria za Ufaransa hakuna dharau ya madai ya aina ya Kiingereza. Jaji hutoza fedha kwa kila siku ya kuchelewa kutii amri. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Madai, kifungu cha 1477, inasema kwamba mwenzi aliyeficha mali ya pamoja hupoteza fungu lake katika mali hiyo. Aliyeficha hisa za thamani ya milioni 10 ili mwenzake asipate milioni 5 huishia kupoteza zote.

## Mjadala

Wanaotetea kifungo husema kwamba bila hicho hukumu ya talaka ni karatasi tu kwa mwenzi aliye dhaifu kifedha. Mwenye kushika biashara ana muda, mawakili na taarifa. Mwenzake ana watoto na kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Ucheleweshaji peke yake humshinda.

Wanaopinga hutaja kesi ya Chadwick. Wanasema kwamba kifungo kisicho na kikomo kinamtendea asiyetaka kutii sawa na asiyeweza, kwani kwa nje wawili hao hawatofautiani. Huongeza kwamba mwenye biashara akifungwa, mara nyingi biashara hufungwa pia: mishahara hukatika, wateja huhama, na mali iliyogombaniwa hupungua kwa wote wawili.

Wengine huonya kwamba madai ya dharau hutumika kama silaha. Kila malipo ya kawaida yanaweza kugeuzwa kuwa shutuma, na gharama za mawakili zikala kile kinachogawanywa. Ndiyo maana mahakama hutaka ukiukaji utajwe kwa tarehe na kwa kiasi, na majaji wengi huanza na kifungo cha kuahirishwa au amri iliyo wazi zaidi kabla ya kumpeleka mtu gerezani.

## Tazama pia

* Talaka
* Ndoa
* Mahakama
* Kampuni
* Mali ya ndoa